Kampuni za mazishi Marekani zinatuficha bei, na sisi tunalipa tu!

Wakuu, nimekasirika na naandika nikiwa na hasira zangu.

Tumefiwa na ndugu yetu hapa Houston. Familia inataka azikwe kwao Moshi. Kamati ya msiba haiwezi kutangaza michango bila kujua tunatafuta kiasi gani, kwa hiyo nikapiga simu kampuni ya mazishi kuulizia gharama za kusafirisha mwili. Dada aliyepokea akataka jina la marehemu, jina langu, undugu wetu na namba yangu. Bei je? "Njooni ofisini na mke wa marehemu tuongee." Mjane hajatia kitu mdomoni tangu juzi, eti nimpeleke akapatane bei!

Tulikwenda, tungefanyaje. Tukaingizwa moja kwa moja kwenye chumba cha majeneza, karatasi ya bei hatujapewa. Jeneza tukaamua kununua kwingine kwa nafuu. Bili ya mwisho inakuja, katikati ya mistari kuna "ada ya kupokea jeneza la nje", dola 395. Kupokea!

Sasa someni hapa, maana wengi wetu hatujui. FTC, tume ya serikali kuu inayolinda wateja, ina Kanuni ya Mazishi tangu 1984. Ukiuliza bei kwa simu lazima wakutajie, hata ukikataa kusema jina lako. Ukifika ofisini kuulizia huduma na bei, lazima wakukabidhi orodha ya bei uondoke nayo, na gharama ya kupeleka mwili kwa kampuni nyingine ya mazishi lazima iwemo kama wanatoa huduma hiyo. Bei za majeneza unaonyeshwa kabla ya majeneza yenyewe. Na kukutoza ada kwa sababu umeleta jeneza lako ni marufuku. Kosa moja tu faini yake inaweza kuvuka dola 50,000.

Wanajua yote haya. Januari 2024 FTC ilitangaza kwamba watu wake walipiga simu kimyakimya kwa kampuni zaidi ya 250, na 39 zikaandikiwa barua za onyo. Barua tu!

Kinachoniuma kuliko vyote ni kwamba kanuni hiyo haiwalazimishi kuweka bei kwenye tovuti. Uingereza wanalazimishwa tangu Septemba 2021, tovuti na ofisini. Hapa mfiwa anazungushwa kwa simu huku mwili uko mochwari. Nani anafaidika na huo usiri kama si wao?

Malalamiko nimeshayapeleka FTC na kwa tume ya Texas inayosimamia huduma za mazishi, na ile ada nimedai irudishwe kwa maandishi.

Ombi langu: mwenye bili ya kusafirisha mwili kwenda Tanzania, Kenya au Kongo aweke hapa kila mstari, jimbo na mwaka. Majina ya marehemu na familia yafuteni. Kamati inayofuata ikae kikao ikiwa na bei mkononi.