Nimelipa euro 65 nikaletewa mto usio na miguu

Wakuu, nimechefukwa, niacheni niteme.

Niko Ubelgiji. Mwezi uliopita niliagiza mtandaoni nakala ya ile picha ya kale ya kuchapwa, inayomwonyesha Mercury akiuhama mji wa Antwerp, na pembeni mzee aliyeketi. Euro 65, pamoja na fremu. Mzigo umefika jana, nafungua: Mercury yupo, anapaa, halafu pale chini fremu imeshaanza! Yule mzee kabaki kichwa na mabega. Nikawaandikia, nikajibiwa eti wameondoa sehemu zisizo na umuhimu ili picha ipendeze ukutani.

Zisizo na umuhimu? Mzee yule ni mto Scheldt, na miguuni kafungwa minyororo. Minyororo ndiyo habari yenyewe! Tangu 1585 Waholanzi walikuwa wameubana ule mto, biashara ya meli ikafa, Antwerp ikakauka. Ndiyo maana Mercury, mungu wa biashara, anaaga. Mwanamke anayepiga magoti ni mji wenyewe. Baharia hana kazi, mashua imepinduliwa. Toa mnyororo uone unabaki na nini: babu anasinzia, kijana anaruka. Na kwenye maelezo yao wamemwita "malaika".

Halafu fikirieni siku picha hii ilipowekwa hadharani mara ya kwanza. 17 Aprili 1635, Ferdinand, mdogo wake mfalme wa Hispania, anaingia mjini kama gavana mpya, maana Antwerp ilikuwa chini ya Hispania. Kwetu mkubwa akija, mashimo ya barabarani yanafukiwa usiku wa kuamkia. Hawa wakamwekea shimo lao katikati ya njia alitazame! Mchoraji Rubens alibuni majukwaa na malango ya sherehe, na katikati ya sifa zote akaweka jukwaa zima la kilio: bwana mkubwa, mto umefungwa, tunaisha.

Majukwaa yale yalibomolewa. Mpangilio mzima tunaujua kwa sababu msanii Theodoor van Thulden aliuchora kwenye mabamba ya shaba, ukachapwa kitabuni. Miaka karibu 400 imeupita mnyororo salama, anakuja mtu na mkasi wa kompyuta.

Nimedai hela yangu, wanasema gharama ya kurudisha ni juu yangu. Aliyewahi kuwashinda watu wa namna hii huku anielekeze, tafadhali.

Na nilikuwa nimeshaweka oda ya picha nyingine ya sherehe ileile hapohapo, Hekalu la Janus. Nimeifuta. Mle Furor, yaani ghadhabu ya vita kwa umbo la mtu, anatoka mlangoni na upanga na mwenge, macho kafungwa kitambaa. Hawa wangemkata kichwa.