Kwa nini mistari ya mwanga hutoweka nikitumia LED badala ya leza?

mwalimu_kidato6
Wanajamvi, salaam. Nimetoboa foili ya alumini matundu mawili yaliyoachana kwa robo milimita, nikayamulika kwa leza nyekundu, na mistari ya mwanga na giza ikaonekana waziwazi ukutani. Nilipoweka taa nyekundu ya LED, ambayo uso wake wote wa milimita 5 unang'aa, sentimita 30 kutoka kwenye foili, mistari ilitoweka. Wanafunzi wanadai kwamba LED ina mchanganyiko wa rangi. Je, hiyo ndiyo sababu?

fundi_lenzi
Mwalimu, hiyo ni sehemu ndogo tu ya sababu. LED ya nanomita 630 huwa na upana wa rangi wa nanomita 20 hivi, na hilo lingefifisha mistari ya pembeni huku ya katikati ikibaki. Kinachokuharibia jaribio ni ukubwa wa taa. Mawimbi ya kila nukta ya uso wake hayafuatani na ya nukta jirani, kwa hiyo kila nukta huchora ukutani mistari yake, iliyosogea kidogo, na mwanga wa mmoja hujaza giza la mwingine. Ili kukadiria upana ambao mawimbi bado yanapatana, zidisha urefu wa wimbi kwa umbali, kisha gawanya kwa upana wa chanzo: utapata mikromita 38, ilhali matundu yako yameachana kwa 250. Ukiziba taa kwa kadi yenye tundu la milimita 0.2, upana huo utazidi mikromita 900 na mistari itarudi, mradi chumba kiwe giza kabisa.

nuru_na_kivuli
Hata tundu moja hufuata kanuni hiyo: likiwa pana kuliko eneo la upatanifu, yaani upana ambao mawimbi bado yanapatana, pete za giza ambazo tundu hilo huchora ukutani hujazwa mwanga. Kwa jua, ambalo huonekana kwa pembe ya nusu digrii, eneo hilo ni mikromita 60 hivi. Mwaka 1920, kwenye kituo cha kutazama nyota cha Mount Wilson, Marekani, wanasayansi Michelson na Pease walitumia hesabu hiyohiyo kinyumenyume, wakatenganisha vioo viwili vya kupokea mwanga hadi mistari ya nyota Betelgeuse ikatoweka kwenye mita 3 hivi, na hivyo wakapima kipenyo chake.

mwalimu_kidato6
Nikiisogeza taa mbali badala ya kuweka kadi?

fundi_lenzi
Inafaa, mita 4 zitakupa mikromita 500. Ila usitarajie mwanga mwingi zaidi kuliko wa kadi kwa upatanifu uleule, kwani vyote viwili hutegemea pembe ambayo taa inaonekana nayo kutoka kwenye foili.