Mama anaomba tumpe chupa yote ya dawa alale, mama mdogo anasema hata kijiko kimoja ni kuua. Naombeni ushauri

Mtoto wa Lushoto:
Habarini wakuu. Naandika saa nane usiku nimekaa chini pembeni ya kitanda cha mama, naombeni mnisome mpaka mwisho.

Mama ana miaka 61, kansa ya shingo ya kizazi, ilikuja kugundulika imeshasambaa. Mionzi alipata, sasa imeingia kwenye mifupa ya nyonga na tumeambiwa kilichobaki ni kumtunza nyumbani. Tumepewa mofini ya maji (dawa ya maumivu makali), mils 5 kila baada ya masaa manne.

Wiki hii mara tatu amenishika mkono akaniambia "mwanangu kama unanipenda nipe hiyo chupa yote ninywe nilale". Huyu ni mama wa WAWATA (umoja wa wanawake Wakatoliki) tangu nikiwa mdogo, sijawahi kumsikia akitamka neno kama hilo. Halafu mama mdogo ndiye anayeshika dawa, na anaamini mofini ndiyo inayomaliza wagonjwa, kwahiyo anampimia nusu kijiko, tena mchana tu, usiku hampi kabisa, anasema damu ya dada yangu isije ikawa mikononi mwangu. Nimemuona anainua kijiko kwenye mwanga wa simu, anarudishia kidogo kwenye chupa, mkono unamtetemeka. Sio roho mbaya jamani, anamuogopa Mungu kweli.

Kaka yangu yuko Uholanzi, anasema kule tangu 2002 mgonjwa wa hivi akiomba daktari anamsaidia na sheria inaruhusu, sisi tunamtesa mama kwa kisingizio cha dini. Mjomba (ni Muislamu, familia yetu imechanganyika) akamkatia simu. Mimi niko katikati. Nikimpa dozi kamili akafariki usiku huo, nimeua? Na akiniomba tena nimjibu nini?

Wakili wa Mtaani:
Pole sana ndugu. Kwa upande wa sheria tu: Kanuni ya Adhabu yetu haina kipengele cha huruma. Ukiharakisha kifo cha mgonjwa, hata kama ugonjwa ungemuua wenyewe, wewe ndiye unahesabika umesababisha kifo, na kwamba aliomba mwenyewe haikuokoi. Kumsaidia mtu kujiua nako ni kosa. Na kaka aelewe hata huko aliko sio ndugu anayetoa chupa, ni daktari, anatakiwa ajiridhishe ombi ni la hiari na mateso hayana nafuu, halafu daktari mwingine asiyehusika amuone mgonjwa. Ila dozi iliyoandikwa na daktari kwa ajili ya maumivu sio kuua, mpeni.

Mwamini:
Hilo neno la kuomba kufa sio la mama, ni roho ya mauti. Fungeni siku tatu, wekeni dawa pembeni, Mungu anaponya.

Nesi wa Wodi 3:
@Mwamini ombeni, na mimi naomba, lakini dawa msiweke pembeni tafadhali.

Mtoto wa Lushoto, nimehudumia wagonjwa wa namna hii miaka mingi na naomba umsomee mama mdogo haya. Mofini ikitolewa kwa kipimo kilichopangwa, ikapandishwa taratibu kufuata maumivu, haimuui mgonjwa wa kansa. Watu wanaiogopa kwa sababu wengi wanaanzishiwa wakiwa wameshafika mwisho, akifa inalaumiwa chupa. Inatolewa kwa saa, sio mpaka alie, kwa sababu ikishaisha mwilini maumivu yanarudi yote na kuyashusha tena ni kazi. Mama yako usiku kucha hana dawa, ndio maana anaomba kufa. Rudini waliowaandikia muwaeleze ukweli kwamba alikuwa hapati kipimo, wapange upya, msijirekebishie wenyewe, na waulizeni pia kuhusu dozi ya kulalia. Mofini inafunga choo kwahiyo lazima apewe na dawa ya kulainisha. Hapo jirani zetu Uganda mofini hii ya maji inatumika majumbani tangu miaka ya 90, na manesi waliosomea wanaruhusiwa kuiandika.

Akikuomba tena usimkemee, usimwambie "usiseme hivyo mama". Kaa, muulize anaogopa nini hasa. Utashangaa jibu.

Abuu Twalha, Tanga:
Assalaam alaykum. Mjomba yuko sahihi kwamba roho ni amana, Qur'ani inasema wala msiziue nafsi zenu, na kuna hadithi ya mtu aliyejeruhiwa akashindwa kuvumilia akajikata mkono mpaka damu ikamuishia, Mwenyezi Mungu akasema mja wangu ameniharakia nafsi yake. Lakini Mtume (s.a.w.) huyohuyo alifundisha mtu aliyezidiwa aseme "Ewe Mola nihuishe maadamu uhai ni kheri kwangu, na nifishe ikiwa kifo ni kheri kwangu". Kwahiyo kuchoka sio dhambi, na maneno ya kuchoka yamewekewa dua yake. Kutuliza maumivu ni tiba, sijaona shekhe anayekataza hilo. Mwambie mjomba aje akae naye, sio kukata simu.

Katekista K:
Tumsifu Yesu Kristo. Mama mdogo atafute Katekisimu ya Kanisa Katoliki namba 2279. Inasema dawa za kutuliza maumivu ya anayekaribia kufa zinaruhusiwa, hata kama zinaweza kufupisha siku zake, mradi kifo chenyewe kisiwe ndicho kinachokusudiwa. Sio jambo la juzi, Papa Pio wa 12 aliulizwa na madaktari mwaka 1957 akajibu hivyohivyo. Namba 2278 inaruhusu kuacha matibabu mazito yasiyo na faida, kwahiyo mkiamua asirudishwe hospitali kuwekwa mipira hamjamuua. Chupa nzima ndiyo hapana. Halafu muiteni padri ampake mafuta mapema, akiwa bado anaitikia mwenyewe.

Dada wa Toronto:
Huku Kanada kumsaidia mgonjwa kufa kumeruhusiwa tangu 2016 na mimi ni mlezi wa wazee, nimewahi kumuaga mzee aliyechagua siku yake, watoto wake wamemzunguka. Sitamhukumu. Lakini nimeona pia waliokuwa wameomba, wakapata usingizi na mtu wa kukaa nao, wakaacha kuomba. Kaka yako msimchukie, yuko mbali, anasikia mama analia kwenye simu na hawezi kumshika hata mkono.

Mtoto wa Lushoto:
Wakuu, mrejesho. Nesi wa kliniki alikuja, padri naye alikuja, mama mdogo akasomewa ile 2279 mara mbili. Usiku wa kwanza wa dozi kamili alikaa na rozari anahesabu pumzi za dada yake mpaka saa kumi na moja alfajiri. Mama akaamka, akaomba uji wa ulezi, akanywa vijiko vitatu.

Nikamuuliza anaogopa nini. Akanyamaza sana, akasema "naogopa kunuka mbele ya wakwe zangu". Kumbe miezi yote hii.

Jana hakuomba chupa. Leo asubuhi alisema amechoka, nikamwambia najua mama. Mjomba amempigia kaka, sijui walichoongea. Nesi wa Wodi 3, kwa harufu kuna dawa?

Nesi wa Wodi 3:
Ipo. Inaitwa metronidazo, waulize kliniki wawaonyeshe namna ya kuitumia. Vitambaa vibadilishwe mara kwa mara, dirisha liwe wazi. Na wakwe wakija mkae nao sebuleni kwanza, mama asafishwe, ndio waingie.