Myahudi "anapopanda" nchi ya mababu: ni ibada au ni kuhama tu?

Bin_Kibokoni
Assalaam alaykum nduguzangu. Myahudi akihamia nchi ya mababu zake husemwa "amepanda". Je, hiyo ni ibada yenye masharti, mfano wa Hija, au ni kuhama tu? Na kama haja ilikuwa usalama, mbona waliikataa Uasin Gishu walipopewa na Waingereza mwaka 1903? Siasa za Palestina zina uzi wake, tafadhali. Hapa nauliza dini.

Maalim_Nyali
Waalaykum salaam. Neno lenyewe ni aliya, kupanda. Hilohilo hutumika mtu akiitwa mbele ya watu sinagogi wakati wa kusoma Torati. Anayehama kutoka kule huitwa aliyeshuka.

Na Hija usiilinganishe na aliya. Ndugu yake Hija ni ile safari ya sikukuu tatu, Pasaka, Majuma na Vibanda, enzi za Hekalu; hata neno lao la sikukuu, hag, ni shina moja na hajj. Lakini yule msafiri alikuwa akirudi kwake sikukuu ikiisha. Wa aliya habebi tikiti ya kurudi.

Kiini kiko kwenye teshuva, ambayo ndiyo hii toba yetu: maneno yote mawili maana yake ni kurejea. Soma Kumbukumbu la Torati 30. Aya ya 2 watu wanamrejea Mungu, aya ya 3 hadi ya 5 Mungu anawakusanya na kuwarejesha nchini. Wengi huishika aya ya 5 wakaiacha ya 2, na hapo ndipo maana inapopotea.

Uasin Gishu je? Waliotoka kwa hasira nje ya kikao cha Wazayuni, wale waliotafuta makao ya Wayahudi, mwaka 1903 walikuwa hasa wajumbe wa Urusi, ilhali mauaji ya Wayahudi wa Kishinev, mji wa dola hiyohiyo ya Urusi, yalikuwa yametokea Aprili mwaka huohuo. Mwaka 1905 wazo likakataliwa rasmi. Ripoti ya waliotumwa kuikagua ardhi nayo haikuwa nzuri. Ngano ingeota vizuri tu, lakini hakuna dua hata moja iliyowahi kuitaja Eldoret.

Mama_Marikiti
Nyongeza, maana watu hudhani ni hisia tupu. Kuna amri zinazofungamana na ardhi yenyewe. Nyanya ya hapa Marikiti, Myahudi anaiosha na kuila. Ile iliyolimwa Galilaya, kama muuzaji hajaitolea fungu la kuhani, mnunuzi mwenyewe hutenga zaidi kidogo ya asilimia 1, akasoma maneno yake, akaifunga na kuitupa kwa heshima. Haliwi fungu hilo, kwa kuwa leo hakuna kuhani aliye tohara. Kila mwaka wa 7 ardhi hupumzishwa. Wa mwisho ulianza Septemba 2021. Kwa hiyo anayehamia huko anaongezewa kazi, si baraka tu.

Bin_Kibokoni
Shukran. Basi ni faradhi?

Maalim_Nyali
Hapo wanazuoni wamegawanyika vibaya. Maimonides hakuihesabu katika amri 613 za Torati, na yeye mwenyewe aliishi Misri hadi kufa mwaka 1204. Nachmanides aliihesabu kwa Hesabu 33:53, naye akapanda mwaka 1267. Wanaopinga, kama Wasatmar (kundi la Wayahudi washika dini sana), hushika viapo vitatu vya Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya marabi, Ketubot 111a, kimojawapo kikikataza kupanda kwa nguvu "kama ukuta". Wengine hujibu kwamba hayo ni mawaidha, si hukumu.

Tudor_4
Kosa jingine: kuchanganya sheria ya dini na Sheria ya Kurejea ya Israeli ya 1950. Tangu 1970 hiyo ya serikali inampokea hata mjukuu wa Myahudi, ilhali dini humtazama mama, au mtu aliyeongoka kwa taratibu zake. Mtu anaweza kupata uraia kisha rabi akakataa kumfungisha ndoa.

Na asiyehama? Mara tatu kwa siku husali akielekea Yerusalemu, na siku za kazi baraka ya 10 ya Amida, sala yao kuu, ni ya kukusanywa waliotawanyika. Kutoka hapa Mombasa ni karibu na kibla chetu: Makka iko kaskazini moja kwa moja, Yerusalemu digrii kama 6 kuelekea magharibi. Akifia ughaibuni, wengi humwekea udongo kidogo wa kule kaburini.

Bin_Kibokoni
Na aliyekwisha fika, amemaliza?

Tudor_4
Hapana. Usiku wa Pasaka ughaibuni husema "Mwaka ujao Yerusalemu". Wakazi wa Yerusalemu nao husema, ila huongeza neno moja: "iliyojengwa".