Ushauri wa haraka: siku ya kwanza Granada mke haongei, na kesho asubuhi nina tiketi ya Alhambra

Kobe wa Mtaroni (mleta uzi)
Habari za usiku wakuu. Naandika nikiwa nimejifungia bafuni. Mke amelala kaelekea ukutani, na najua hajalala.

Mimi nafanya kazi Dortmund, mke ni mtu wa Tanga. Tumeoana miaka miwili sasa ila kumleta kulichukua muda, mara cheti cha Kijerumani cha A1, mara karatasi za ndoa zihakikiwe upya. Amefika mwezi uliopita. Nikasema hii ndiyo iwe fungate yetu. Leo asubuhi tumeshuka Málaga, Hispania, tukapanda basi mpaka Granada.

Chumba kiko Albaicín, mtaa wa kale wa Waislamu, mlimani, vichochoro vimetandikwa vijiwe vya mviringo. Kuna vibasi vidogo vinapanda huko. Mimi nikasema tutembee tuone mji. Gurudumu la begi likang'oka njiani, na begi lenyewe ni lake. Tulipoteremka mjini saa tisa mchana, maduka mengi yamefungwa, watu wamelala. Karibu na kanisa kuu mama mmoja akamshikisha mke kitawi cha rozimari, akamsoma kiganja, akadai hela. Nikatoa euro tano, akasema kidogo, akatuporomoshea maneno. Mke akaniambia, "Ungeniacha nikatae mwenyewe."

Jioni tukaagiza soda mbili, zikaja na vipande vya mkate vya bure, juu vina nyama nyekundu nyembamba kama karatasi. Keshaufikisha mdomoni ndipo nikagundua ni paja la nguruwe. Nikamdaka mkono. Halafu nikacheka. Hapo nilikosea, nakiri.

Saa tatu usiku tulikuwa Mirador de San Nicolás, kiwanja cha kutazamia mandhari, jua bado linapiga kuta za Alhambra, ile ngome ya masultani, ng'ambo ya bonde. Ndipo nikamwambia tiketi ya kesho iko moja. Akajibu, "Haya." Tangu hapo hajasema kitu.

Swali langu: tiketi inasema kuingia zile kasri za ndani saa tatu asubuhi. Niende mwenyewe niiwahi, maana hela hairudi, au niiache iungue?

Kijiwe cha Kahawa
Nimevuta kiti. Kashata ninazo.

Msukuma Mkokoteni
Mkuu, tatizo ni begi. Mwanamke atasamehe hayo mengine yote. Sisi 2014 tulikuwa tunapanda Lushoto, gari likagoma palepale Mombo, nikamwambia mama watoto ashuke asukume kidogo. Alikuwa na viatu vya harusi ya mdogo wake. Mpaka leo hakuna sherehe ya ukoo inayopita bila hiyo hadithi, na kila mwaka mlima unarefuka. Mnunulie begi jipya kesho asubuhi, mengine yatajipa.

Mzee Ngalawa
Granada! Mwanangu, unajua uko wapi? Sultani wa mwisho wa hapo, Abu Abdillah, ambaye Wahispania humwita Boabdil, aliukabidhi mji tarehe 2 Januari 1492 baada ya kuzingirwa miezi. Wewe umeukabidhi siku ya kwanza.

Bint Pangani
Kaka yangu, fungate ya watu wawili, tiketi moja. Imekuwaje?

Kobe wa Mtaroni
Zilikwisha dada. Wanaingiza watu kwa idadi maalumu kila siku, si kama kwenda ufukweni.

Dawa ya Meno
Nilikuwa nasoma kwa heshima zote mpaka nilipofika "saa tatu usiku jua bado linapiga kuta". Nikaweka simu chini. Wakuu, hii ni CHAI. Jua la saa tatu usiku! Tena unaagiza soda unaletewa nyama ya bure. Mji gani hapa duniani unagawa chakula kwa sababu umeagiza soda? Huyu yuko Mbagala, kakopa bia, anatuchezea.

Kijiwe cha Kahawa
Kumbe kashata zangu hazikuja bure. Mimina.

Mama Wawili
Hata mimi lile paja la nguruwe nililitilia shaka. Mtu mzima anaishi Ujerumani hajui nguruwe kwa macho?

Fundi wa Rotterdam
Dawa ya Meno, tembea uone. Hispania iko magharibi kabisa, karibu usawa mmoja na Uingereza, lakini tangu 1940 enzi za dikteta wao Franco wanatumia saa za Ujerumani. Walisogeza mishale, hawakuirudisha. Ongeza saa moja ya kiangazi. Juni Granada jua linazama saa tatu na nusu usiku na ushee. Hesabu zetu za kuanzia machweo huko zinagoma.

Na chakula cha bure ni kweli. Ndivyo Granada ilivyo, kila kinywaji kinakuja na kisahani. Mimi nilishiba kwa soda nne, tena kila soda kisahani kilibadilika. Ila useme mapema kwamba huli nguruwe, usingoje kiletwe.

Dawa ya Meno
Sasa Isha wanaswali saa ngapi?

Fundi wa Rotterdam
Saa tano imepita. Kuna msikiti palepale jirani na San Nicolás, ulifunguliwa 2003, una bustani inayotazama Alhambra. Kaulize.

Mzee Ngalawa
2003! Tangu 1492 mpaka 2003. Hebu hesabuni miaka hiyo.

Msukuma Mkokoteni
Jamani tumuhesabie mtu ndoa yake kwanza.

Fundi wa Rotterdam
Kuna kitu kinanisumbua lakini. Tiketi za Alhambra huandikwa jina na namba ya pasipoti ya kila anayeingia, na wanakagua. Niliponunua za familia, mfumo ulinidai majina yote kabla ya kulipa. Mleta uzi, ulinunua lini?

Kobe wa Mtaroni
Mwezi wa tatu.

Bint Pangani
Mwezi wa tatu mkeo yuko Tanga hana visa. Kwa hiyo ulijinunulia moja, uende fungate peke yako?

Kijiwe cha Kahawa
Mleta uzi amepotea. Maji ya bafuni yamekatika.

Kobe wa Mtaroni
Mnanihoji utadhani uhamiaji. Sawa. Nilinunua mbili.

Bint Pangani
Ya pili ina jina la nani?

Kobe wa Mtaroni
La mtu wa kazini. Kabla hamjanirukia, nisikilizeni. Januari visa ya mke ilikataliwa, nikakata tamaa kabisa. Huyo dada alikuwa rafiki, tulipanga safari kama marafiki, vyumba viwili. Na hatukusafiri! Mwezi wa nne aliacha kazi, akahamia mji mwingine, mambo yakaishia hapo. Halafu rufaa ikapita, mke akaja, likizo yangu ilikuwa imeshapangwa, nikaona hela isipotee. Chumba cha pili nikakifuta. Tiketi niliomba wabadilishe jina, wakakataa.

Sasa nimwambie mke nini? Nimuumize kwa jambo ambalo halikutokea? Naenda saa tatu, narudi saa saba, tunakula, tumemaliza. Nimeshaweka kengele.

Dawa ya Meno
Wakuu, nafuta kauli yangu. Hii si chai. Mtu akipika chai, huwa anajipikia yeye vizuri.

Mama Wawili
Vyumba viwili kamwambie mama yako. Mimi kinachoniuma si huyo wa kazini. Tarehe ni zake, mji ni wake, tiketi ni yake. Mkeo umemvalisha safari ya mtu mwingine, na bado hujamwambia kwa nini inambana.

Mzee Ngalawa
Ndoa ni amana, mwanangu. Na hao vijana wa siku hizi wanaosafiri na "rafiki"...

Msukuma Mkokoteni
Mzee, wewe si ulituambia mwenyewe kule kwenye uzi wa vijana wa zamani kwamba uliwahi kwenda Unguja na "binamu"?

Mzee Ngalawa
Yule alikuwa binamu kweli.

Bint Pangani
Kobe, nikuulize la mwisho. Wewe unasoma khati ya Kiarabu?

Kobe wa Mtaroni
Herufi nazijua. Kwa kudonoa.

Bint Pangani
Na mkeo?

Kobe wa Mtaroni
Yeye baba yake ni mwalimu wa madrasa, anasoma kama gazeti. Jana... yaani leo, pale San Nicolás, kabla sijamwambia, alikuwa ananihadithia kwamba ndani humo kuta zimeandikwa *wa la ghaliba illa Allah*, hakuna mshindi ila Mwenyezi Mungu, kila pembe, mpaka juu ya nguzo. Akasema kesho yeye ndiye atakuwa kiongozi wangu wa watalii.

Bint Pangani
Basi sawa. Anayejua kusoma abaki kitandani, asiyejua aende akatazame lipu.

Fundi wa Rotterdam
Tumsaidie, jamani. Kobe, si kila sehemu ya Alhambra inataka tiketi. Pandeni wote wawili mpite ule mlango mkubwa wa upinde, Puerta de la Justicia, mkono umechongwa juu yake, mpaka jumba la mfalme Carlos V lenye ua wa duara. Hapo unaingia bure. Mjini kuna madrasa aliyoijenga sultani Yusuf I mwaka 1349, mkabala na kanisa walikozikwa Isabel na Fernando, malkia na mfalme waliokabidhiwa mji na Boabdil, chumba chake cha kuswalia kina maandishi ya kusomeka. Halafu tovuti yao iangalie mara kwa mara, tiketi zinazoachwa hurudi, na za ziara ya usiku huuzwa mbali na za mchana. Ila yote hayo yanaanzia kwenye kumwambia.

Msukuma Mkokoteni
Na gurudumu?

Kobe wa Mtaroni
Ninalo mfukoni. Nimelishika muda wote ninaandika.

Kijiwe cha Kahawa
Jamani nalala, mtaniamsha.

Kobe wa Mtaroni
Saa moja asubuhi huku. Kengele nimeizima kabla haijalia. Ameamka, amefungua dirisha, Alhambra inaonekana kipande. Nimekaa chini nikamwambia kwamba tiketi ya pili ipo, ila ina kosa la jina. Kiukweli si uongo, ukiangalia vizuri.

Mama Wawili
Kosa la jina!!!

Bint Pangani
Kaka, kaka, kaka.

Kobe wa Mtaroni
Ametafuta miwani kwenye pochi, ameivaa, ameninyooshea mkono nimpe simu. Anataka nimwoneshe ni herufi gani wamekosea. Wakuu, nimjibuje? Anangoja.

Dawa ya Meno
Zote.