Mashine ya ngoma au mpiga dramu: bendi inahitaji nini hasa?

Wadau wa muziki, tulijadili hili kwa uwazi, maana karibu kila bendi inayoanza hulipitia. Mpiga dramu hayupo, au yupo lakini mazoezini haonekani, na mmoja wenu anasema: "Tuchukue mashine, yaishe," yaani mashine ya ngoma, kifaa cha umeme kinachotoa midundo ya dramu. Wengine wanamjia juu kwamba muziki usio na mtu nyuma ya dramu ni muziki mfu. Baada ya hapo ugomvi unahamia kwenye gharama, usafiri na kelele.

Kwa maoni yangu pande zote mbili zinakosea pahala pamoja: zinaichukulia mashine kama kitu cha kujazia nafasi ya mtu asiyekuwepo. Mashine ya ngoma ni ala, na ala inataka mpigaji. Kama hakuna hata mmoja kwenye bendi aliye tayari kukaa nayo na kuijua kama mpiga besi anavyolijua gitaa lake, tafuteni mpiga dramu.

Tuanze na wanaosema mashine haina ladha. TR-808, mashine ya ngoma ya kampuni ya Roland, ilitoka 1980, na kufikia 1983 haikutengenezwa tena. Sauti zake zilizalishwa na saketi za umeme, hazikufanana na dramu halisi, na wengi waliibeza kwa hilo. Lakini Marvin Gaye aliitumia kwenye "Sexual Healing" mwaka 1982, na watu wa hip hop wakaitafuta kwa udi na uvumba kwa ajili ya ile kiki yake (dramu kubwa inayopigwa kwa mguu) nzito inayovuma. Mwaka huohuo wa 1980 mbunifu Roger Linn alitoa mashine ya LM-1, iliyobeba sauti zilizorekodiwa kutoka dramu za kweli. Bei yake ilikuwa karibu dola 5,000 za Marekani, zikatengenezwa takriban 500 tu, na matoazi makubwa hayakuwemo kwa sababu kumbukumbu ya kidijitali ilikuwa ghali mno. Prince akaichukua, akashusha tuni za sauti zake, akazipitisha kwenye pedali za gitaa, mpaka ikatoa milio ambayo dramu za kawaida hazina. Huyo alikuwa anapiga ala.

Sasa linganisheni na tunavyoitumia wengi wetu. Mtu anapanga baa mbili (mafungu ya mapigo manne manne): kiki kwenye pigo la kwanza na la tatu, snea, ile dramu ndogo yenye mlio mkali, kwenye la pili na la nne, haihati, yale matoazi mawili ya pedali, inajaza katikati, halafu inazungushwa dakika nne nzima. Kila pigo la haihati lina nguvu ileile na limekaa palepale, inasikika kama cherehani. Mkono wa mpiga dramu hauendi hivyo. Unakaza pigo moja na kulegeza linalofuata, snea inachelewa kidogo sana wimbo ukiwa mtulivu, inasogea mbele kidogo kiitikio kikikaribia. Kwenye tempo ya 120, yaani mapigo 120 kwa dakika, pigo moja lina milisekunde 500. Ukiligawa mara nne, kila kipande kina 125. Linn aliweka kwenye mashine zake uwezo wa kuchelewesha kila kipande cha pili, kwa hiyo badala ya 125 kwa 125 unaweza kupata 145 kwa 105. Kipande cha pili kimechelewa milisekunde 20 tu, lakini biti iliyokakamaa inaanza kuchezeka. J Dilla, mtayarishaji wa hip hop, alikwenda mbali zaidi: kwenye MPC, mashine yenye pedi za kupigwa kwa vidole, aliyaacha baadhi ya mapigo yawahi au yachelewe huku mengine yakikaa sawasawa. Wapiga dramu wakubwa kama Questlove wakakaa chini kujifunza kupiga vile.

Kwa hiyo anayesema mashine haiwezi kuwa na hisia, mimi sikubaliani naye. Kinachonisumbua ni kwamba mashine haisikii. Mwimbaji kanogewa, watu wanaimba naye, anataka kurudia kiitikio mara mbili zaidi. Mpiga dramu anamwona kwa nyuma, anaona bega lilivyoinuka, anapiga roli fupi (mapigo ya haraka ya mfululizo) na bendi nzima inajua tunarudi. Au mwimbaji kakosea mlango wa ubeti kwa baa moja: mpiga dramu anamsubiri, na hakuna aliyegundua chini ya jukwaa. Mashine itaendelea na hesabu yake. Hapo lazima awepo mtu mwenye pedali mguuni au kidole kwenye pedi, aliyeugawa wimbo vipande na anayejua kukishikilia kipande au kukiruka papo hapo. Bendi nyingi zinanunua mashine bila kumpa mtu kazi hiyo, halafu zinailaumu mashine.

Lipo na suala la ajira, na silichukulii kwa wepesi. Mwaka 1982 tawi la London ya kati la chama cha wanamuziki wa Uingereza lilipitisha azimio la kutaka sintesaiza (vinanda vya umeme vinavyotengeneza sauti) na mashine za ngoma zipigwe marufuku. Hofu yao ilikuwa ya kweli, mtu alikuwa anaona mkate wake unaondoka. Ila mwaka mmoja kabla, Phil Collins, mpiga dramu kwa kazi, alikuwa ameshatoa "In the Air Tonight": mashine ya CR-78 inatembea peke yake zaidi ya dakika tatu na nusu, ndipo dramu zake zinaingia. Huwezi kuondoa kimoja pale wimbo ukabaki mzima. Na Rick Allen wa Def Leppard, baada ya kupoteza mkono kwenye ajali ya gari mwishoni mwa 1984, alirudi jukwaani na dramu za umeme, miguu ikifanya sehemu ya kazi ya mkono uliokosekana.

Kuhusu kelele na mizigo sina mengi. Dramu kwenye chumba kidogo huvuka desibeli 100 bila shida, masikio yanaumia, na dramu za umeme zinamaliza tatizo hilo bila kumfukuza mtu.

Ile kauli kwamba mashine ni bora kuliko mpiga dramu mbovu naiona ya haraka mno. Mbovu wa namna gani? Anayekimbiza tempo lakini anahudhuria mazoezi, mpeni muda na mfanye naye mazoezi juu ya mashine, bendi nzima, siyo yeye peke yake. Mara nyingi mtagundua gitaa ndilo linalomkimbiza. Asiyetokea mazoezini, huyo achaneni naye. Kama muziki wenu ni wa kucheza, biti ikae palepale usiku kucha, mashine yenye mpigaji mzuri inatosha kabisa. Kama nyimbo zenu hupungua kasi, husimama, na urefu wake unategemea watu waliopo mbele yenu, sioni mnavyokwepa mpiga dramu.

Nawauliza mliosimama jukwaani na mashine: nani kwenye bendi yenu anaishika wakati wa shoo, na mwimbaji akiongeza kiitikio ambacho hakikupangwa, mnafanyaje?