Mwisho wa "Memories of Murder": mpelelezi anamtazama nani?

Swali, kutoka Arua
Ndugu zangu, Jumamosi nilitazama filamu hii ya Kikorea ya mwaka 2003 katika kibanda kimoja cha video hapa mjini, ikiwa imetafsiriwa kwa Kiganda. Mfasiri hakunyamaza hata kidogo, na msichana mdogo alipozungumza na mpelelezi kando ya mtaro, alitueleza kwamba mtoto amemtaja muuaji. Mara mpelelezi akageuka, akatukazia macho, filamu ikaisha. Ikiwa muuaji alitajwa, mbona hakukamatwa?

Jibu, kutoka Gulu
Dada, msichana hakumtaja mtu. Park, yaani yule mpelelezi, ambaye wakati huo ameshaacha upolisi na kuingia katika biashara, anasimama penye mtaro ulimokutwa maiti mwaka 1986, anainama na kuchungulia ndani. Mtoto anamwambia kwamba karibuni mtu mwingine naye alichungulia humo, akasema anakumbuka jambo alilolitenda zamani. Park anauliza sura yake ilikuwaje, naye anajibiwa kwamba ilikuwa ya kawaida tu. Neno hilo linamvunja, kwa kuwa tangu mwanzo alijigamba kwamba humjua mhalifu kwa kumtazama machoni, na kwa imani hiyo watu wasio na hatia walipigwa hadi wakakiri. Inasikitisha kwamba mfasiri alilifunika.

Jibu, kutoka Kampala
Naongezea kwamba kisa chenyewe ni cha kweli: wanawake na wasichana 10 waliuawa eneo la Hwaseong kati ya 1986 na 1991. Mwongozaji, Bong Joon-ho, alikusudia macho ya Park yakutane na ya muuaji, endapo angekuwa ameketi miongoni mwa watazamaji. Lakini mwaka 2019 vipimo vya vinasaba vilimfichua Lee Choon-jae, aliyekuwa gerezani tangu 1994 kwa kumuua shemeji yake, kwa hiyo filamu ilipotoka hakuwa katika jumba lolote la sinema. Hakushtakiwa kwa mauaji yale, kwani muda wa kisheria wa kufungua mashtaka, miaka 15, ulikuwa umekwisha mwaka 2006.

Jibu, kutoka Gulu
Hata hivyo, mwenzangu, ugunduzi huo haukuyafumba macho ya Park. Mtu mwingine alikwisha kutumikia kifungo cha miaka ipatayo 20 kwa mojawapo ya mauaji hayo, akasafishwa na mahakama mwaka 2020. Mimi huona Park anawatazama pia waliokiri kwa kipigo.